Tulivyoshindwa Kumwokoa Malkia

Juzi fundi alipasua mfuko wa saruji mbele yangu, kwenye kiwanja cha Mama ambako tunamwongezea vyumba viwili, na harufu ya ile karatasi ya kaki ikanifanya nirudi nyuma hatua mbili. Fundi akadhani nimepaliwa na vumbi. "Pole, dada, simama huku upepo unakotokea," akaniambia. Nikamshukuru na kusogea, lakini akili ilikuwa imeshaondoka. Ilikuwa imekwenda Kibaigwa, kwenye stoo ya mahindi ya Baba, ambako nina miaka tisa, nimepiga magoti kando ya karatasi kama hiyo, na nina hofu ya kweli kwamba tukikosea jambo moja, mtu tunayempenda atapoteza mguu.

Baba alikuwa dalali wa mahindi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko, pale malori yanapogeuzia, na kutwa nzima tuliishi ndani ya kelele: matingo wanaelekeza magari, makuli wanaimba, madalali wanabishana na wakulima kwa sauti ambayo mgeni angedhani ni ugomvi. Stoo ilikuwa upande wa uani. Siku moja Baba alitoa nusu ya magunia, akapaka chokaa ukuta mmoja, akaingiza kitanda. Tukaambiwa dada yetu anakuja.

Dada mwenyewe alikuwa Zuhura, mtoto wa baba mkubwa, kutoka milimani Kondoa, na mimi na kaka yangu Rama tulikuwa hatujawahi kumwona. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mfupa wa mguu wake wa kulia ulikuwa unaumwa kwa ndani, unatunga usaha, na baada ya kulazwa muda mrefu kwenye hospitali moja ya mjini walimfunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka kiunoni mpaka vidoleni, wakaiachia dirisha dogo la kusafishia kidonda. Wakamwambia alale miezi mitatu bila kukanyaga chini. Kwao gari halifiki mpaka mlangoni, kwetu lami inapita hapo hapo, kwa hiyo akaletwa kwetu ili siku ya kliniki isiwe taabu.

Alifika amelala kwenye godoro nyuma ya kigari cha mizigo. Makuli wanne wa sokoni wakamshusha kama walivyozoea kushusha mizigo, wakihesabu moja, mbili, tatu. Mimi nilisimama na kidole mdomoni, nikitegemea kumwona mgonjwa, maana kwangu mgonjwa ni mtu anayelia. Yeye akawaambia makuli, "Kaka zangu, asanteni, ila msinipitishe kwenye mizani." Makuli wakacheka mpaka nusura wamdondoshe. Nikampenda palepale, kabla hata sijaiona sura yake vizuri.

Hospitalini alikuwa amelala jirani na mwanafunzi wa chuo cha Chimwaga aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, na huyo ndiye aliyemfundisha mchezo. Sijui huko chuoni walikuwa wanaucheza vipi. Ninachojua ni namna Da Zuhura alivyotuchezesha sisi. Aliomba mfuko mtupu wa saruji, tukaukung'uta, tukaupasua, na upande wa ndani akachora kwa kalamu ya bluu nchi nzima: mto, daraja, mbuga kavu, mlima wa mawe yaliyobebana kama haya tunayoyaona kila siku Dodoma. Ndani ya mlima alikaa Malkia ambaye miguu yake imegeuka jiwe. Kazi yetu ilikuwa kuvuka nchi ile mpaka kwenye chemchemi, kuchota maji, kurudi nayo na kummwagia Malkia miguuni ili asimame. Tukishindwa njiani tunarudi mwanzo. Basi. Hakuna kete za kula wala nyumbani pa kuingia, ingawa dadu tulikuwa nayo, ya ludo, yenye kona moja iliyotafunwa na Rama alipokuwa mdogo.

Tulikuwa wachezaji watatu. Wa tatu alikuwa Yona, aliyekaa kwa shangazi yake, jirani yetu. Kwao ni Haneti, watu wa mifugo, na alikuwa ameletwa Kibaigwa asome. Kiswahili alikijua ila alikisema polepole, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga jiwe moja moja. Da Zuhura alimwambia kila mmoja achague atakuwa nani ndani ya nchi ile, na aandike kwenye karatasi ya daftari vitu anavyoviweza. Rama akawa jemadari mwenye panga mbili. Mimi, Hawa, nikawa mwindaji, na silaha yangu ilikuwa bambo, kile chuma chenye ncha ambacho Baba alikichoma kwenye gunia kuchungulia mahindi ya ndani. Yona alifikiri sana, akasema anataka kuwa Yona.

"Sawa, Yona. Na huyo Yona anaweza nini?"

"Kuchunga."

Da Zuhura hakumcheka. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: Yona, anaweza kuchunga.

Kisha akaanza kusimulia. Alikuwa na sauti ya chini isiyo na haraka, akatutembeza njia nzima mpaka kwenye lango la mawe, na hapo akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mnafanya nini?"

Naomba mnielewe, wenzangu mliolelewa kama mimi. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyenizidi umri aliyewahi kuniuliza swali hilo kisha akangoja jibu. Tulizoea kuambiwa fanya hivi, acha hiki, kaa pale. Huyu alikuwa anangoja, dadu iko kiganjani mwake, na nchi nzima imesimama inatusubiri. Na masharti yake yalikuwa magumu: ukishasema unafanya, umefanya. Hata leo nikiwa kwenye kikao cha kazini, mkubwa akauliza maoni yetu, huwa nasikia kile kimya cha stoo kabla sijafungua mdomo.

Tatizo ni kwamba tulikuwa watoto wa Kibaigwa, na majibu yetu yalikuwa ya Kibaigwa. Kwenye lango tulikuta jitu kubwa lenye jicho moja. Likanguruma: "Nina miaka elfu moja, na hakuna aliyepita hapa akiwa hai." Rama akachomoa panga zake. Da Zuhura akainua dadu. Yona, aliyefundishwa adabu kwao, akasema, "Shikamoo."

Da Zuhura alibaki na mkono hewani. Ungeona namna alivyotafuta njia akaikosa, kwa sababu hata yeye hakulelewa vingine. "Marahaba," likajibu jitu, kwa shida. Na likishaitikia, linampigaje mtu aliyelisalimia? Likauliza Yona ni mtoto wa nani. Yona akalitajia baba, babu, na babu wa babu. Likauliza hali ya mvua, hali ya ng'ombe, habari za nyumbani. Lilipofika kwangu na Rama, kuuliza babu yetu wa Kondoa aliitwaje, jua la nchi ile likazama, mlima ukajifunga kwa siku hiyo, na misheni yetu ya kwanza ikafa kwa maamkizi.

Ya pili niliiua mimi. Tulikutana na joka lililolala, na chini ya tumbo lake ulikuwapo ufunguo. Da Zuhura akauliza tunafanya nini, nami nikajibu bila kufikiri: nalichoma bambo tumboni nione ndani lina nini. Dadu ikatoa sita. Da Zuhura, akijikaza asicheke, akasema bambo limetoka na punje nyeupe kavu, daraja la kwanza, hazina mdudu dumuzi hata mmoja. Rama akaanza kuliambia joka bei. Joka likaamka likiwa limekasirika, na nafikiri lilikuwa na haki.

Ya tatu ilikuwa ya daraja. Kabla ya kuvuka tulitakiwa kuchukua unga wa kuwapa walinzi wa ng'ambo, gunia moja kila mtu, na Da Zuhura akatuonya mara mbili kwamba kamba za daraja zinabeba gunia moja na mtu mmoja, hazibebi zaidi. Tukaitikia. Kisha Rama akasema anajaza gunia lake. Amelijaza? Amelijaza. Anafanya nini sasa? Anaongeza kilemba juu, anashona na kamba. Mimi nami nikaongeza kilemba. Kwetu gunia ni lumbesa, lile lenye kilemba. Gunia lililoishia mdomoni tulikuwa hatujawahi kuliona, na tungeona aibu kulibeba. Daraja likakatika na jemadari, mwindaji na unga wao wakaenda na mto. Yona alibaki ukingoni na gunia lake dogo, akitutazama tunavyoelea.

Da Zuhura alicheka siku ile mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mama akaja mbio na mwiko mkononi. "Nyie watoto! Mtampasua dada yenu hilo hogo!" Akatutoa nje, lakini nilimwona alivyosimama mlangoni akimtazama Da Zuhura anavyofuta machozi ya kicheko, na uso wa Mama haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu kingine ambacho sikukifahamu, nikadhani anaumwa jino.

Lakini msidhani tulikuwa tunacheka tu. Mimi nilikuwa ninaishi kule. Nikitumwa sokoni, naangalia malori yaliyofunikwa maturubai, naona milima ya nchi ya Malkia. Nilipokula mlenda niliula kama mtu anayejiandaa kwa safari. Na lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mtu mmoja aliyelala chali, asiyeweza hata kujigeuza bila kusaidiwa, ndiye aliyekuwa anaushika mto usimwagike na mlima usianguke. Niliamini hivyo kabisa. Niliamini Da Zuhura akisinzia katikati ya maneno, nchi yote inazimika na watu wake. Kwa hiyo akisinzia nilikuwa namgusa vidole vya mguu vilivyochungulia kwenye plasta, vya baridi, ili aamke.

Sasa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la kitoto lakini lilikuwa na mantiki yake. Jioni moja nilikuwa nachambua karanga uani, Baba na Mama wakiongea upande wa pili wa ukuta wa matete. Baba alisema daktari amemwambia wazi: siku ya kliniki wataifungua plasta, na wakikuta usaha bado upo kwenye mfupa, mguu utakatwa. Mama akauliza kama mtoto anajua. Baba akasema hajui, na asiambiwe, atakosa hata hamu ya kula. Kliniki ilikuwa Jumatatu.

Nilikaa na karanga zangu mkononi. Malkia miguu ya jiwe, Da Zuhura mguu wa plasta. Nani mwingine angekuwa Malkia? Nikaona alikuwa anatuomba msaada kwa njia ya mficho, kama wafanyavyo watu waliorogwa kwenye hadithi, ambao hawaruhusiwi kusema. Na sisi tulikuwa tunaamkia majitu na kujaza lumbesa! Nilijichukia. Nikamwita Rama nikamweleza yote, naye, pamoja na ukubwa wake wa darasa la tano, akaamini. Tukaapizana kwamba Jumapili maji yafike. Yona hatukumwambia, kwa sababu tulimwona si wa familia, na kwa sababu shangazi yake alikuwa na mdomo.

Jumapili mchana tulicheza kama watu wazima. Hatukuliamkia jitu; tulilizunguka. Hatukuchoma kitu. Magunia tuliyaacha yakiwa yameishia chini kabisa ya mdomo, Rama akauma meno kwa uchungu, lakini daraja likatuvusha. Dadu ilikuwa upande wetu. Da Zuhura alikuwa anatutazama kwa mshangao. "Leo mmekuwaje?" akauliza. Tukafika kwenye chemchemi. Tukajaza kibuyu, kimoja tu, na kibuyu akapewa Yona kwa kuwa ndiye hajawahi kufa. Kilichobaki ni kuvuka mbuga kavu kurudi mlimani.

"Mnatembea," akasema Da Zuhura. "Jua kali. Pembeni ya njia mnakuta ng'ombe wamelala, ndimi ziko nje. Yupo ndama anajaribu kusimama, anaanguka. Mnafanya nini?"

Baadaye alituambia aliwaweka wale ng'ombe ili mbuga ipendeze tu, kama mtu anavyochora mti pembeni ya nyumba. Hakutegemea jibu lolote.

"Tunapita," nikasema.

"Tunapita haraka," akasema Rama.

Yona alikuwa anatazama ile sehemu ya ramani, ambayo haikuwa na chochote zaidi ya nukta za kalamu. Macho yake yalikuwa yameona kitu alichokijua. "Namnywesha ndama," akasema.

"Hapana!" nikapiga kelele.

"Namnywesha. Na wale wengine walambe kilichobaki."

Ukishasema unafanya, umefanya. Nilimrukia. Nilimpiga ngumi za mgongo, nikamkwaruza shingo, ramani ikachanika mahali pa mto, na nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni, "Mguu wa Da Zuhura utakatwa! Kesho utakatwa, kwa sababu yako wewe na ng'ombe wako!"

Kisha nikasikia nilichokisema. Rama alikuwa ameweka mikono kichwani. Yona alikuwa amejikunja chini bila kurudisha hata ngumi moja. Da Zuhura alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nilimwona ni mtoto, si mkubwa sana kunizidi.

"Nani kasema?"

"Baba. Walikuwa wanaongea na Mama." Nilikuwa nalia. "Wakikuta usaha. Tulitaka tukufikishie maji kwanza."

Nje kuli mmoja alikuwa anampigia mwenzake mluzi. Nilimwona anapapasa plasta yake kwa kiganja, kutoka pajani kushuka mpaka mkono ulipoishia, kama anayemtuliza mnyama. Nilingoja alie, nilingoja anifukuze. Nilingoja nchi izimike.

"Ndama amekunywa," akasema. "Amesimama. Mama yake amemlamba. Mnaendelea mpaka mlimani, mmebeba kibuyu kitupu, na Malkia anawauliza maji yako wapi. Yona, unamjibu nini?"

Yona akafuta pua. "Namwambia alikuwepo ndama."

"Malkia anasema, sawa. Anasema angekuwa na miguu, angekwenda kumwona huyo ndama." Akaiweka dadu kando. "Haya, mchezo umeisha. Hawa, kaniitie Mama."

Nimewaona watu wengi wakipokea habari mbaya tangu siku ile, wakubwa wenye elimu na vyeo. Sijaona tena mtu aliyeambiwa jambo kama lile kwa namna mbaya kama ile, akamaliza kwanza hadithi ya wengine ndipo akashughulikia yake. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na neno la kuita nilichokiona, ila nilijua nimeona kitu kikubwa, kikubwa kuliko nchi yote ya kwenye karatasi. Nilitoka kwenda kumwita Mama.

Jumatatu wakaondoka na Baba. Usaha ulikuwepo. Baba alirudi peke yake baada ya siku mbili, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, na hakuna aliyetuambia chochote kwa sababu hapakuwa na haja. Yona hakuja kwetu tena, na mimi sikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nahesabu makosa mawili, la ng'ombe ambalo nilimtwisha yeye, na la mdomo wangu, ambalo sikuwa na wa kumtwisha.

Wiki nyingi baadaye kigari kikasimama tena nje. Mama akapiga vigelegele, ambavyo viliniogopesha zaidi, nikaenda kujificha stoo nyuma ya magunia. Nikasikia mlango wa gari, sauti za watu, kisha hatua za ajabu, mbao mbili na mguu mmoja, zikija moja kwa moja nilipo. Zikasimama.

"Hawa. Nasikia unavyohema."

"Nisamehe, Da Zuhura."

"Kwa lipi?"

"Nilikuambia."

Nilimsikia anakaa kitandani, ubao ukalia. "Pale wodini tulikuwa sita wa kukatwa," akasema. "Wenzangu watano waliambiwa siku ileile ya kukatwa, wamepakiwa kwenye kitanda cha magurudumu tayari. Mimi nilifika najua. Daktari alipoanza kuzungukazunguka na maneno, nikamwambia, dokta, sema ni kuanzia wapi, na baada ya hapo nitatembeaje. Akakaa chini, akanieleza kama mtu mzima mwenzake." Akayalaza magongo yake kando. "Katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyeniambia. Umenisikia? Na kesho unakwenda kwa Yona unamwomba radhi, ngumi zile hazikuwa zake."

Nikatoka nyuma ya magunia, vumbi la mahindi usoni. Mama alikuwa amefika mlangoni, anamwita akale. Da Zuhura akaegemea magongo yake, akahesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, akainuka. Akaendelea kuinuka. Nikainua kichwa kumfuata, nikainua tena, mpaka nikaona jinsi Mama alivyolazimika kutazama juu ili amwone usoni. Miezi yote ile tulicheza naye kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba alikuwa mrefu namna ile.